Mafunjo ya Ziwa George Bado Yanatunza Sumu ya Kilembe

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori huko magharibi mwa Uganda, ulifungwa mwaka 1982. Mtoto aliyezaliwa Kasese mwaka huo leo ni mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, na sumu ya mgodi ule bado iko safarini. Inashuka na mto Nyamwamba kila mvua zinapokolea, inapita kando ya mji, kisha inaingia kwenye tingatinga la mafunjo, yaani kinamasi, upande wa kaskazini wa Ziwa George. Humo inatua, sehemu kwenye tope na sehemu kwenye mizizi.

Hapo ndipo habari nyingi za mazingira hukatika, kana kwamba mafunjo yameshamaliza kazi. Maji yanapimwa upande wa ziwani, samaki wanapimwa, majibu yanatoka kwamba hali si mbaya, na jalada linarudishwa kabatini. Nadhani jalada hilo linafungwa mapema mno. Mafunjo hayajaondoa shaba wala kobalti. Yamevishika tu, tena kwa masharti, na masharti hayo tunayavunja mwaka hadi mwaka bila hata kujua kwamba yapo.

Kwanza tuone kilichoachwa. Kilembe ilianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese. Bwawa la umeme la Owen Falls lilikuwa limezinduliwa miaka miwili kabla, na tanuri la kuyeyushia shaba likajengwa hapo Jinja. Kwa miaka mingi shaba ilikuwa nyuma ya kahawa na pamba tu katika mauzo ya Uganda nje ya nchi. Hadi mgodi unasimama, baada ya misukosuko ya miaka ya 1970, takriban tani milioni 16 za mawe yenye madini zilikuwa zimechimbwa, na shaba iliyokuwamo haikufika asilimia 2. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mawe yaliyosagwa, zaidi ya 98 hazikuwa shaba. Sehemu kubwa ya unga huo ililundikwa bondeni, kando kando ya Nyamwamba, kwenye bonde jembamba ambalo mto ndio wenye kauli ya mwisho.

Kulikuwa na mzigo wa pili. Mawe ya Kilembe yana kobalti iliyofungamana na pairiti, yaani madini ya chuma na salfa. Enzi hizo haikuwa rahisi kuitoa kobalti hiyo kwa faida, hivyo pairiti ikatenganishwa, ikapelekwa Kasese na kurundikwa nje, juani na mvuani, hadi ikakaribia tani milioni 1. Pairiti ikikutana na maji na hewa hutoa tindikali ya salfuri, na tindikali hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki na kuvibeba. Mvua za miaka zilichora mkondo kutoka kwenye rundo lile hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea ziwani. Njiani mimea ilikufa. Ardhi ikabaki tupu yenye rangi ya kutu, na zilizorudi baadaye ni nyasi chache zinazovumilia sumu.

Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulichakata rundo hilo kwa kutumia bakteria wanaokula salfa na chuma, ikitenga kobalti ndani ya matangi. Ilikuwa kazi nzuri ya kihandisi, na rundo lilipungua mpaka likaisha. Lakini bakteria wa aina hiyo hiyo walikuwa wameshafanya kazi yao nje ya matangi kwa zaidi ya miongo miwili, bila msimamizi. Kilichokwisha kushuka na mvua hakikurudishwa.

Kuhusu yale marundo ya bondeni, mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yalionyesha jinsi yalivyokaa vibaya. Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaharibu Hospitali ya Kilembe mara zote mbili, na ukayamega mabaki ya mgodi na kuyapeleka chini. Habari za siku zile zilijaa watu, madaraja na wodi zilizojaa mawe, na ilikuwa haki iwe hivyo. Ila tope lile halikuishia mjini. Lilikwenda kwenye mafunjo.

Sasa tuingie ndani ya tingatinga, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mfunjo unaishi kwa kusimamisha kichwa hewani na kuzamisha mizizi kwenye tope lisilo na oksijeni. Ili mizizi isife, mmea hupitisha hewa ndani ya shina lake lenye sponji hadi chini, na kiasi kidogo cha oksijeni huvuja kuzunguka mizizi. Chuma kilichoyeyuka ndani ya tope kikikutana na oksijeni hiyo hugeuka kutu. Ukiung'oa mfunjo kwenye tope la namna hii utaona mizizi imevaa utando wa rangi ya chungwa. Utando huo huikamata shaba, zinki na jamaa zao kabla hazijapanda. Ndiyo sababu mimea ya majini iliyo karibu na migodi mara nyingi hubeba madini mengi zaidi mizizini kuliko kwenye majani, na ndiyo sababu mtu akipima majani peke yake hurudi na habari njema.

Hatua chache kutoka kwenye mzizi mambo ni kinyume. Tope jeusi lisilo na hewa lina salfa nyingi, nayo hushikana na shaba na kuifanya kitu kisichoyeyuka kwa urahisi. Kwa hiyo tingatinga lina maghala mawili yaliyopakana, na masharti yake hayafanani. La kutu linahitaji oksijeni: mmea ukifa au ukichomwa mpaka shina, hewa haishuki tena, kutu huyeyuka na kuachia ilichoshika. La tope jeusi linahitaji oksijeni isifike: maji yakikaushwa, tope likapata hewa, salfa ile hugeuka tindikali kama ilivyogeuka kwenye rundo la Kasese, na shaba inaanza upya safari iliyokuwa imekatizwa.

Mkulima anayechimba mfereji kiangazi ili apate ekari moja ya magimbi pembezoni mwa tingatinga anafungua ghala la pili. Anayewasha moto ili majani mapya yachipue kwa ajili ya ng'ombe anaweza kuligusa la kwanza. Simlaumu hata mmoja. Hakuna aliyewaambia kwamba chini ya miguu yao kuna mali ya kampuni iliyofungwa zamani, na njaa haisubiri ripoti. Ninaowalaumu ni wale wanaoandika mipango ya matumizi ya ardhi ya eneo hilo na kulihesabu tingatinga kama ardhi iliyolala.

Nimewahi kuisikia mara nyingi hoja kwamba mimea ya majini ni mtambo wa bure wa kusafisha maji. Ina ukweli ndani yake, na wapo wanaoitetea kwa nia njema. Magugu maji, kwa mfano, hunyonya madini kwa wingi hata yakapendekezwa kama dawa ya maji ya migodi. Lakini mtambo wa kusafisha una mahali uchafu unapotolewa. Magugu maji yakishanyonya, nani anayavuna, na akishayavuna anayapeleka wapi? Yakiachwa, hufa na kuoza na kurudisha mzigo majini ndani ya msimu mmoja. Yakivunwa, kwetu huishia kuwa mbolea ya bustani, lishe ya mifugo, au kikapu sokoni. Mafunjo nayo hufumwa mikeka, huezekea vibanda, na mashina yake ya chini hukaushwa yakawa kuni. Matumizi haya yote ni ya halali na ya siku nyingi. Mahali penye sumu ya mgodi, kila moja ni njia ya kutokea, na hakuna inayofuatiliwa.

Kuna mimea inayoumia kabla hatujaiona. Ile inayoishi imezama maji haina ngozi nene ya nta kama mimea ya nchi kavu. Majani yake hunywa moja kwa moja kutoka kwenye maji. Shaba ikizidi, inaweza kuchukua nafasi ya magnesiamu katikati ya klorofili, na klorofili hiyo haiwezi tena kutumia mwanga kama inavyopaswa. Unga laini wa mgodi nao hutia maji ukungu na kukata mwanga wenyewe. Katika Ziwa George mwanga ni haba tangu zamani. Ziwa hili lina wastani wa kina cha mita 2.4 tu, limekaa kwenye ikweta, na wanasayansi waliolichunguza kwa kina mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuta maji yake yamejaa mwani wa buluu-kijani mwaka mzima. Mmea uliozama humo unaishi kwa mwanga kidogo. Ukiongezewa unga wa mawe na shaba, unaondoka. Hauachi pengo linaloonekana kwenye picha ya angani. Nafasi yake huchukuliwa na mimea sugu, na mtu akitazama kwa juu anaona kijani kile kile.

Vipimo tunavyoviamini vinatuficha zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 2 za shaba kwa lita moja kama kikomo cha maji ya kunywa. Kwa binadamu ni kikomo cha busara. Mwani mwingi, hata hivyo, huanza kudhurika shaba ikiwa chini ya miligramu 0.1, na ndiyo maana watu hutumia salfeti ya shaba kuua mwani kwenye mabwawa na matangi. Maji yaliyopita mtihani wa kisima yanaweza kuwa yanaua msingi wa chakula cha ziwa. Tunapoambiwa kwamba maji ya mto fulani chini ya mgodi "yako ndani ya viwango," tuulize ni viwango vya nani.

Wanaodhani muda utamaliza yote haya peke yake watazame Idaho, Marekani, kwenye Ziwa Coeur d'Alene. Uchimbaji wa fedha, risasi na zinki ulianza huko miaka ya 1880, na mabaki yakamwagwa mtoni kwa miongo mingi. Leo sakafu ya ziwa hilo ina takriban tani milioni 75 za tope lenye risasi, zinki na kadimiamu. Serikali ya Marekani ililiweka eneo la Bunker Hill kwenye orodha ya maeneo yake yaliyochafuliwa vibaya zaidi mwaka 1983, na kazi haijaisha. Kinachonigusa katika habari ile ni mimea. Kwenye madimbwi ya bonde hilo kuna mmea wenye kiazi kinachoota ndani ya tope. Jamii ya wenyeji wa Coeur d'Alene wamekichimba kiazi hicho tangu enzi na enzi, na mabatamaji weupe wanaohama hutua hapo kukichimbua. Mabatamaji hao hula kiazi pamoja na tope lililokishika, na kila mwaka wapo wanaokufa kwa risasi iliyomwagwa na watu waliokwisha kuzikwa. Mmea wenyewe unaota vizuri tu. Ukiutazama huoni ugonjwa.

Kuna jambo la pili kutoka Idaho linalotuhusu moja kwa moja. Madini yaliyolala chini ya ziwa lile yanashikiliwa na hali ya maji ya juu yake. Fosforasi ikizidi kutoka mashambani na majumbani, mwani huongezeka, hufa, huzama, na kuoza kwake humaliza oksijeni ya chini. Kutu inayoshika madini inayeyuka. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa ziwa lile wanapigania kupunguza mbolea na majitaka ili sumu ya mgodi ibaki ilipolala. Ziwa George lina mwani kuliko kiasi, miji inayokua juu yake, mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, na kina kifupi kiasi kwamba upepo huchanganya maji yake karibu kila siku na kutikisa tope. Halafu maji hayo hupita Mkondo wa Kazinga kuingia Ziwa Edward, ambalo sehemu yake kubwa iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge hawakupata hata senti ya shaba ya Kilembe.

Watanzania wasidhani hili ni la jirani. Mto Tigithe, ulio karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulipata maji yenye tindikali kutoka mgodini Mei 2009. Mwaka 2019 mgodi huo ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji kutoka bwawa lake la topesumu. Tigithe unamwaga Mto Mara, na Mara kabla haujafika Ziwa Victoria hupita kwenye mojawapo ya matingatinga makubwa ya mafunjo tuliyo nayo nchini. Mjadala wetu uliishia kwenye ng'ombe, ngozi za watu na maji ya kunywa. Hayo yalikuwa ya kwanza, sikatai. Lakini sikumbuki waziri yeyote akiulizwa bungeni hali ya mizizi ya mafunjo ya Mara.

Na kule Geita na kwingineko ukanda wa ziwa, wachimbaji wadogo wanaendelea kukamata dhahabu kwa zebaki, na marudio yao, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, hurundikwa karibu na maji kwa sababu kuosha kunahitaji maji. Zebaki ikifika kwenye tope la tingatinga hukutana na bakteria wasiohitaji hewa, ambao huigeuza kuwa zebaki ya aina nyingine, ile inayoingia mwilini na kupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwa sangara mkubwa. Bakteria hao huishi kwa mabaki ya mimea inayooza. Kwa shaba, tingatinga ni ghala. Kwa zebaki linaweza kuwa kiwanda. Anayesema "tuwaachie mafunjo wasafishe" hajatenganisha mambo haya mawili, na kwenye zebaki kosa hilo linaishia kwenye sahani ya mama mjamzito.

Wapo watakaosema nchi maskini haziwezi kupima kila mzizi. Hakuna anayedai kila mzizi. Ninachodai ni kwamba ramani ya mgodi isiishie kwenye uzio. Pale maji ya mgodi yanapokwenda, mgodi upo. Sheria zetu za madini na mazingira zinatambua dhamana ya fedha kwa ajili ya ukarabati mgodi ukifungwa, lakini hesabu ya dhamana hiyo hufanywa kwa mashimo, mabwawa ya tope na marundo ya mawe taka yaliyo ndani ya eneo la leseni. Tingatinga lililo chini ya mgodi halimo. Litakapoanza kuachia shaba miaka 30 baada ya kampuni kuondoka, hakutakuwa na fungu la kuligharimia, na halmashauri ya wilaya itaombwa ifanye kazi iliyoishinda hata Idaho yenye mabilioni ya dola.

Kupima si kazi ya ajabu. Ndani ya tingatinga, ambako upepo hautikisi, tope hujipanga tabaka juu ya tabaka. Bomba likizamishwa taratibu na kutolewa na tope lake, tabaka za kabla ya 1956 zinaweza kulinganishwa na za miaka ya mgodi na za mafuriko. Mizizi, mashina na majani vipimwe kila kimoja peke yake, masika na kiangazi, maana tingatinga la Machi si tingatinga la Agosti. Vyuo vya Makerere, Mbarara na Dar es Salaam vina watu wanaoweza kazi hii. Tafiti za bonde la Nyamwamba zilishaonyesha madini ya mgodi ndani ya vyakula vinavyolimwa na watu pale. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa mwaka wa tano, wa kumi na wa ishirini, kwa sababu mwaka wa kwanza tu hauwezi kusema lolote kuhusu kitu kinachokwenda mwendo huu.

Ziwa George lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1988, miaka sita tu baada ya mgodi kufungwa. Ahadi ya kulilinda ilitolewa wakati sumu iko njiani. Tangu wakati huo, kila baada ya miaka michache, mwekezaji mpya hutajwa kwa ajili ya kufufua Kilembe, na kwa jinsi dunia inavyotafuta shaba na kobalti za betri, safari hii huenda ikawa kweli. Kazi zitarudi Kasese, na watu wa Kasese wanazihitaji. Basi mkataba wa mwekezaji huyo, kabla ya mtambo wa kwanza kuwashwa, uwe na vipimo vya tope na mizizi ya tingatinga lote la kaskazini, vilivyotangazwa hadharani kwa lugha ambayo mvuvi wa Hamukungu na Kahendero anaisoma. Bila hivyo, shaba ya mgodi mpya ikifika ziwani kampuni itasema ni ya mgodi wa zamani, na hakutakuwa na karatasi hata moja ya kuikatalia.